Hausi ya Chicago iliyotolewa upya: LP moja ya gramu 180 au santuri mbili za 45?

santuri_pwani

Wakuu, salaam. Naombeni ushauri kwa wanaozijua santuri za muziki wa kudensi.

Kuna mkusanyiko wa hausi ya Chicago ya miaka ya 1986 hadi 1989 uliotolewa upya kwa sura mbili. Ya kwanza ni LP moja ya gramu 180, nyimbo nane, dakika 50 kwa jumla, spidi 33 (mizunguko kwa dakika). Ya pili ni santuri mbili za inchi 12, spidi 45, nyimbo nane zilezile, gramu 140 kila moja, na bei imezidi kwa karibu nusu. Zote zimebandikwa maneno "sauti imesafishwa upya", bila kutajwa imesafishwa kutoka wapi.

Mashine ni Technics SL-1200MK2 mbili, sindano ni Ortofon Concorde, na santuri zitapigwa ukumbini. Nauliza mambo matatu. Gramu 180 zinaongeza nini kwenye sauti? Nitajuaje kama wametumia mkanda asili au wamenakili santuri ya zamani? Na kwa kuwa nataka kuagiza pamoja na singeli za Nyege Nyege Tapes, lebo ya Kampala, je, santuri inabeba kweli mapigo 200 na zaidi kwa dakika, au nibaki na faili tu?

kata45

Mkuu, chukua za 45. Sababu haiko kwenye gramu, iko kwenye dakika za kila upande.

Piga hesabu. LP yako ina dakika 25 kila upande. Kwa spidi ya 33⅓ hiyo ni mizunguko 833. Nafasi ya muziki kwenye santuri ya inchi 12 ni kama milimita 86 tu, kuanzia ukingoni hadi karibu na lebo, kwa hiyo kila mzunguko unapata milimita 0.10. Santuri mbili za 45 zina dakika 12 na nusu kila upande, yaani mizunguko 562, na kila mmoja unapata milimita 0.15. Nafasi imeongezeka kwa nusu. Besi ndiyo inayokula nafasi, kwa sababu inausukuma mfereji (ule mstari unaopitiwa na sindano) kwenda kushoto na kulia kwa upana mkubwa. Nafasi ikibanwa, fundi wa kukata, yaani anayechonga mfereji, hana njia ila kushusha sauti yote au kuipunguza besi. Ukiipiga LP ya namna hiyo ukumbini unapandisha sauti kwenye miksa, na mikwaruzo inapanda nayo.

Jambo la pili ni mwendo wa mfereji chini ya sindano. Kwa 33, ukingoni unapita sentimita 51 kwa sekunde, na karibu na lebo umeshuka hadi sentimita 21. Kwa 45 ni sentimita 69 ukingoni na 28 ndani. Sauti nyembamba zinahitaji mwendo huo. Matoazi ya TR-909, mashine ya ngoma ya Roland, ambayo ndiyo chumvi ya hausi, yanapokatwa kwenye mizunguko ya ndani ya LP ya dakika 25 huanza kusikika kama karatasi inayochanwa. Angalia wimbo gani umewekwa wa mwisho kila upande. Kama ni ule wenye matoazi makali kuliko yote, aliyepanga nyimbo hakushauriana na aliyekata.

Gramu 180 hazigusi lolote kati ya haya. Mfereji una kina cha chini ya sehemu ya kumi ya milimita, na unakatwa vilevile kwenye gramu 140 au 180. Santuri nzito hutulia vizuri zaidi kwenye sahani na hupinda kwa shida kidogo, basi. Santuri ya gramu 140 iliyokatwa vizuri huishinda ya gramu 180 iliyokatwa vibaya kila siku. Zile zenye picha iliyochapwa chini ya mifereji usiziguse kabisa kwa kazi ya ukumbini, tabaka la juu huwa na kelele.

mkanda_robo

Naunga mkono, ila nirekebishe kidogo. Spidi ya 45 ina faida mpaka kama dakika 12 au 13 kwa upande. Ikivuka hapo, nayo inaanza kubanwa, na wimbo wenye besi nzito wa dakika 15 utakaa vizuri zaidi kwenye 33. Jumla ya dakika 50 isikudanganye: tafuta dakika za kila upande. Ukikuta upande mmoja una dakika 9 na mwingine 16, huo wa 16 utasikika mdogo, na utalazimika kushika gain (kitufe cha kuongeza sauti kwenye miksa) kila unapogeuza.

Sasa kuhusu chanzo, ambalo kwangu ndilo swali kubwa. Hausi nyingi ya Chicago ya wakati ule ilirekodiwa kwenye mkanda wa robo inchi au hata kaseti, na baadaye DAT (mkanda wa dijitali). Mikanda mingi imepotea. Mingine ya miaka ya 1970 na 1980 gundi yake imenyonya unyevu na sasa inanata kwenye vichwa vya mashine. Hiyo huokwa taratibu kwenye nyuzi joto 50 hadi 55 kwa saa nane hivi, halafu inanakiliwa mara moja kabla haijaharibika tena. Lebo iliyofanya kazi hiyo haiwezi kunyamaza, itaandika kwenye kava: "kutoka mikanda asili", jina la fundi na mahali alipokatia. Ukimya kwenye kava ni dalili ya kwanza.

Jaribio la pili unalifanya mwenyewe. Nunua faili moja la WAV (sauti isiyobanwa) la toleo hilohilo, lifungue kwenye programu yoyote ya kuhariri sauti, geuza mkondo mmoja juu chini, kisha changanya kushoto na kulia viwe mono. Chochote kilichokuwa sawa pande zote mbili kitajifuta. Hausi ya zamani ina ngoma na besi katikati, kwa hiyo kutoka mkanda safi zitatoweka na kubaki mwangwi na vinanda vya pembeni. Kama imenakiliwa kutoka santuri, utasikia muungurumo wa chini na vidonoo vya vumbi, kwa sababu kelele za santuri hazilingani kushoto na kulia. Kaseti na mkanda huacha mvumo laini kama upepo, hauna vidonoo. Sikiliza hasa sekunde mbili kabla ya wimbo kuanza na mwisho unapofifia.

Kunakili kutoka santuri si dhambi. Mkanda ukiwa umepotea, nakala safi ya santuri safi, iliyopigwa na sindano nzuri, ni njia halali ya kuuokoa wimbo. Kosa ni kuficha. Na kosa kubwa zaidi ni kuchukua nakala iliyochakaa, kuibana kwa limita (kifaa cha kuzuia vilele vya sauti) hadi madundo yote yawe sawa, kisha kuikata tena. Hapo mpasuko wa mizunguko ya ndani ya santuri ya kwanza unakatwa ndani ya santuri ya pili, na hakuna sindano itakayouondoa.

Ya tatu: soma maandishi yaliyochorwa kwenye eneo tupu karibu na lebo. Picha zake hupatikana kwenye tovuti ya Discogs. Santuri nyingi za tekno ya Detroit zina alama NSC, yaani National Sound Corporation, alipokatia fundi Ron Murphy, aliyefariki 2008. Toleo la sasa likiwa na alama ileile, huenda limechapwa kutoka kwenye vyuma vya kuchapia vya zamani, na ukataji ni ule wa kwanza. Likiwa na namba mpya na jina la fundi mwingine, limekatwa upya, na hapo ubora unategemea chanzo. Kukatwa upya kunaweza kuwa kuzuri sana. Mfululizo wa Drexciya, kundi la Detroit, uliotolewa na lebo ya Clone ya Rotterdam kuanzia 2011 ulikusanya kazi zao za miaka ya 1990 kwenye santuri mpya, na umewapa watu wengi muziki ambao nakala zake za kwanza zilikuwa hazishikiki kwa bei.

santuri_pwani

Nashukuru sana wakuu. Nimetazama sasa hivi: za 45 zina dakika 12, 13, 12 na 13, na kava limeandika mkanda wa robo inchi kwa nyimbo sita na santuri kwa mbili. Zimenitosha hizo. Singeli je?

sita_kwa_mzunguko

Wakitaja mpaka nyimbo mbili zilizotoka kwenye santuri, hao ni waaminifu. Nunua.

Singeli: santuri haijali mapigo ni mangapi kwa dakika. Kinachoipa taabu ni nguvu ya sauti nyembamba na muda inaodumu. Kabla ya kukata, sauti hupitishwa kwenye mkunjo wa RIAA (kanuni ya kusawazisha sauti za santuri): masafa ya 50 Hz yanashushwa kama desibeli 17, na ya 10 kHz yanapandishwa karibu 14. Spika ukumbini hazilijui hilo kwa sababu fono (kikuza sauti cha santuri) inageuza kinyume, lakini kichwa cha kukatia kinalijua vizuri. Kwenye hausi toazi linagonga na kupumzika. Kwenye singeli vinanda vikali na matoazi havipumziki, na koili za kichwa zinapata joto. Fundi mwenye akili anashusha kiwango kwa desibeli mbili au tatu badala ya kuviua vile vinanda. Kwa hiyo santuri ya singeli ikija na sauti ndogo kuliko hausi yako, usiilaumu. Pandisha gain.

Mkusanyiko wa 2017 wa Nyege Nyege Tapes kutoka studio ya Sisso, Dar es Salaam, ndio ulioutambulisha muziki huu kwa wengi nje ya Tanzania, na unastahili kushikwa mkononi. Kwa mchanganyaji kuna mambo mawili. Kwanza, SL-1200MK2 inasogea asilimia 8 tu juu na chini: wimbo wa mapigo 200 unaenda 184 hadi 216, na sauti inapanda au kushuka zaidi kidogo ya nusu toni. Pili, soma spidi kwenye lebo. Wimbo wa mapigo 200 uliokatwa kwa 45, ukiupiga kwa 33, unakuwa wa mapigo 148. Unadensika, na wengine hufanya hivyo makusudi.

Kitu kizuri ambacho wachache wanakisema: kwa spidi 33⅓ mzunguko mmoja unachukua sekunde 1.8 kamili. Mapigo manne ndani ya sekunde 1.8 ni 133⅓ kwa dakika, na ndiyo maana mifereji iliyofungwa ya tekno, ile inayojirudia bila mwisho, inakaa kwenye tempo hiyo. Mapigo sita ndani ya mzunguko uleule ni 200 kamili. Anayetengeneza singeli akitaka mfereji uliofungwa, atunge kitanzi cha mapigo sita kwa 200, au nane kwa 266 na theluthi mbili. Akipeleka mapigo manne ya 200, fundi atalazimika kujaza sekunde 0.6 zilizobaki, na kitanzi kitachechemea.

Kwa wanaotaka kuchapa zao: pelekeni WAV za biti 24 bila limita ya mwisho, besi ya chini ya 150 Hz iwe mono, na wimbo wenye makali zaidi uwe wa kwanza ukingoni. Besi ikiwa kinyume kati ya kushoto na kulia, mfereji unapanda na kushuka badala ya kwenda pembeni, na sindano itaruka kwenye spika kubwa.

kava_la_nje

Niongeze la kupokea mzigo, maana hapo ndipo hasara hutokea.

Mwambie muuzaji atoe santuri nje ya kava na kuziweka nyuma yake, zikiwa ndani ya mfuko wao wa ndani. Zikibaki ndani, kila mtikisiko wa safari unazifanya zikate ukingo wa kava. Zikifika, toa ile nailoni iliyobana, kwa sababu joto la Pwani huifanya ijikaze na kuipinda santuri. Zisimame wima, mbali na dirisha, na usiziache garini hata kwa nusu saa ya jua. Karatasi za ndani badilisha kwa mifuko ya polietilini. Mifuko ya PVC laini iepuke, huacha ukungu kwenye santuri usiotoka.

Kisha zikague siku hiyohiyo, ungali na haki ya kurudisha. Tazama mkono wa sindano kwa juu: ukiyumba kushoto na kulia kila mzunguko, tundu halipo katikati. Likikosea nusu milimita tu, karibu na lebo tempo inacheza asilimia 0.8, yaani wimbo wa mapigo 125 unapanda na kushuka pigo moja kila mzunguko. Hutaweza kuuchanganya na chochote. Ukisikia mkwaruzo kama kitambaa kinachochanwa, upande mmoja wa spika, mahali palepale kila mara, hiyo ni plastiki ambayo haikujaa kwenye mfereji kiwandani. Kuosha hakusaidii, rudisha. Vidonoo vya hapa na pale ni vumbi: maji yaliyosafishwa mililita 800, alkoholi ya isopropili 200, tone moja la sabuni isiyo na manukato, brashi laini ukifuata mifereji, kisha suuza kwa maji yaliyosafishwa peke yake. Mchanganyiko huo usiupeleke kwenye zile santuri za zamani za spidi 78. Hizo ni za shelaki, na alkoholi inaiyeyusha.

Concorde imeshapangwa kiwandani, hivyo kazi yako ni uzito tu, na kwa nyingi za ma-DJ ni gramu 3 hadi 4. Fuata karatasi yake. Siku ukiweka katriji (kishikio cha sindano) ya skrubu mbili, pima milimita 52 kutoka kwenye mpira wa kichwa, pale kinapounganika na mkono, hadi ncha ya sindano. Ikikosea hapo, mizunguko ya ndani itapasua sauti hata kwenye santuri iliyokatwa vizuri, na utailaumu lebo bure.