Tupeane uzoefu: uongozi wa mabweni chuoni ulikusaidia wapi?

Wakuu, salaam.

Uchaguzi wa serikali ya wanafunzi ukifika, macho yote huwa kwa rais na makamu wake. Lakini aliyekaa bwenini anajua kwamba saa nane za usiku humgongei rais mlango. Unamgongea mwakilishi wa bweni, au mjumbe wa floo, yaani ghorofa. Habari zao haziandikwi popote, na mimi naona ni hasara kubwa. Tuziandike hapa. Kama kuna lawama, chuo usikitaje, wala jina la mtu. Tueleze tu mambo yalivyokwenda.

Naanza mimi. Nilikuwa mwakilishi wa bloku katika hosteli moja ya chuo, Dar. Chumba cha watu wanne kililala sita, mara nyingine saba, kwa kubebana. Sababu haikuwa siri: vitanda havitoshi, na kupanga mtaani kunataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo wakati bumu, yaani pesa ya mkopo wa masomo, la mwaka wa kwanza bado halijaingia. Ukaguzi ulikuwa wa kushtukiza. Ukikutwa umembeba mtu, kitanda chako kiko hatarini.

Usiku mmoja kijana aliyekuwa amebebwa alishikwa na malaria kali, akaanza kuweweseka. Wenzake wakabishana kwa kunong'ona mpaka karibu na alfajiri, maana kumwita janita, mtunzaji wa bweni, ni kujitaja wenyewe. Waliponigongea, mgonjwa hawezi hata kusimama. Tukamtoa kwa shuka hadi getini, mlinzi akatafuta bajaji. Alilazwa, na tunamshukuru Mungu alipona.

Asubuhi yake kamati ya bloku ilikwenda kwa wadeni, msimamizi wa mabweni. Hatukwenda kutetea kubebana, kwa sababu tulijua hilo lingetufungia mlango. Tuliomba jambo moja tu: mtu akitolewa chumbani anaumwa, asiulizwe kitanda chake ni kipi, na taarifa ya ugonjwa isigeuzwe ushahidi wa kumnyang'anya mwenzake chumba. Wadeni alikuwa mama mtu mzima. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema hawezi kuliandika hilo kwenye karatasi, ila majanita atawaambia mwenyewe. Akawaambia kweli. Tangu hapo tukawa tunagongewa mapema, mgonjwa akiwa bado anaongea. Katika yote tuliyofanya mwaka ule, hilo ndilo ninaloliona la maana kuliko mengine.

Karibuni.

Dada wa floo ya juu: Mkuu, umenigusa. Bweni letu la wasichana shida ilikuwa maji. Chini yanatoka, juu bomba linapiga mluzi tu. Tuliandika barua mpaka tukachoka, kila mara jibu ni kwamba pampu inashughulikiwa. Mjumbe wetu, binti mpole ambaye wengi hawakumpigia kura, akaacha barua. Akaanza kuandika kwenye daftari saa maji yanapopandishwa kwenye tangi na saa yanapokwisha, kila siku, kwa wiki kadhaa. Daftari likaonyesha kwamba maji yanayopandishwa hayapungui. Yanaisha asubuhi kwa sababu watu wa floo za chini wanafua nguo kabla sisi hatujaamka. Akaitisha kikao cha floo zote na kuwasomea. Tukakubaliana kufua kuanzia mchana, na fundi akaweka koki kila floo. Nikisikia watu wanasema kiongozi lazima awe na mdomo, namkumbuka yule binti.

Mlimani 2017: Mimi niliingia UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka ambao hosteli za Magufuli zilifunguliwa, 2017. Mabloku 20, nafasi za wanafunzi 3,840. Majengo mapya maana yake mazoea hayapo: nani anasoma wapi usiku, redio inazimwa saa ngapi wakati wa UE, mitihani ya chuo, wageni wanaishia wapi. Kwetu wajumbe walipita chumba kwa chumba kuuliza kabla ya kuandika chochote. Nadhani ndiyo maana watu walizifuata zile taratibu. Zilikuwa maneno yao wenyewe.

Komredi: Mkenya hapa. Kwetu sheria ya vyuo vikuu ilirekebishwa mwaka wa 2016, na tangu hapo hatumchagui mwenyekiti moja kwa moja. Tunachagua wajumbe, nao wajumbe ndio wanaochagua viongozi, na mwenyekiti na naibu wake ni lazima wawe wa jinsia tofauti. Wapo makomredi, wanafunzi wenzangu, wanaolilia kampeni za zamani, za nyimbo usiku kucha chini ya madirisha ya hosteli. Mimi sizililii. Mwakilishi wangu alikuja kuomba kura akiwa ameketi kitandani mwangu, tukazungumza taa za ngazi zilizokufa na wizi wa simu. Aliposhinda sikuwa na haja ya kumtafuta, alikuwa anajua tayari. Na hilo la kubebana, huku tunaita kupairati, hata sisi tumelala hivyo.

Mtanzania wa Makerere: Kule bweni ni kama ukoo. Mtu wa Lumumba, bweni la wavulana, ni wa Lumumba hata akizeeka, na dada zao ni wa Mary Stuart, bweni la wasichana. Wakiungana wanajiita Lumbox. Kila bweni lina mwenyekiti na baraza lake la mawaziri. Mgeni kama mimi, nisiyejua Kiganda, nilifundishwa soko, daladala na hospitali na waziri wa bweni kabla sijamjua mhadhiri hata mmoja. Nilifiwa na baba nikiwa huko. Uongozi wa bweni ndio uliopitisha mchango wa nauli yangu ya kurudi nyumbani, na mtu akanisindikiza hadi kwenye basi.

Mwalimu: Niongeze fupi. Chumbani kwetu alipangiwa kijana anayetembea kwa magongo, ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Ofisi ilisema orodha imeshafungwa. Mwakilishi akatafuta chumba cha chini ambacho wenyewe wako tayari kubadilishana, akawapeleka wote ofisini pamoja, wakasaini hapo hapo. Orodha ikafunguka.

Mwenye uzi: Asanteni sana, Mwalimu hasa. Na Mtanzania wa Makerere, pole kwa msiba wa mzee.

Kuna kundi moja bado halijasema, nalo ndilo linalokua: wanaokaa hosteli za watu binafsi nje ya chuo. Pale hakuna wadeni, hakuna mjumbe, yupo mwenye nyumba na kodi yake. Kuna mahali wapangaji walijichagulia kiongozi, na mwenye nyumba akakubali kukaa naye mezani? Mlianzaje, na chuo kiliwatambua? Tuelezeni, maana mdogo wangu anaanza mwaka wa kwanza na chumba cha chuo amekosa.