Mjadala: Je, Superman ni hadithi ya Kiyahudi?

Kalamu ya Mlimani: Ndugu wasomaji, naomba tulizungumze jambo hili kwa utulivu. Superman, shujaa wa vitabu vya katuni mwenye nguvu zisizo za kawaida, alitokea mwaka 1938, na waliomtunga, Jerry Siegel na Joe Shuster, walikuwa vijana wa Kiyahudi waliosoma shule moja huko Cleveland, Marekani. Katika kisa chake, mtoto anatiwa chomboni na wazazi wanaojua kwamba wao wenyewe hawatapona, analelewa na watu wasio wa asili yake, kisha anakuwa mkombozi wa wanyonge. Mimi naona hapo kisa cha Nabii Musa waziwazi, na sielewi kwa nini wengine wanaona tabu kukiri hivyo.

Binti Pangani: Ndugu Kalamu, kila mtoto aliyetengana na wazazi wake akihesabiwa kuwa Musa, hakuna hadithi duniani itakayobaki na mwenyewe. Kinachotakiwa kuelezwa ni sababu ya Wayahudi kuwa wengi kiasi kile katika vitabu vya katuni. Mashirika makubwa ya matangazo ya New York yalikuwa yakiwabagua, ilhali vitabu vya katuni, vilivyoanza kuuzwa senti 10 mnamo mwaka 1934, vilidharauliwa hata hakuna aliyejali vinachorwa na nani. Ndiyo maana, kati ya watunzi wa katuni, Jacob Kurtzberg akawa Jack Kirby, Stanley Lieber akawa Stan Lee, na Robert Kahn akawa Bob Kane: mlango ulikuwa wazi, lakini jina la nyumbani lilibaki mzigo. Isitoshe, Siegel na Shuster waliuza haki zote za Superman kwa dola 130, wakanyonywa na wachapishaji ambao nao walikuwa Wayahudi.

Mzee wa Hoja: Binti, umeanza vizuri ukamalizia vibaya. Sentensi yako ya mwisho imekaa kama zile kauli za miaka nenda rudi kuhusu Wayahudi na fedha. Harry Donenfeld na Jack Liebowitz, wachapishaji wa Superman, walikuwa wafanyabiashara, na mkataba wa kununua kazi pamoja na haki zake zote ndio uliokuwa utaratibu wa biashara ile, awe mwenye kampuni Mkatoliki au mtu asiye na dini. Naomba uifute.

Binti Pangani: Shikamoo, Mzee. Sifuti, kwa sababu unanishutumu kwa neno nisiloliandika. Nimetaja ukweli wa historia, wewe ukausomea chuki. Kama tunaruhusiwa kuwataja Wayahudi pale tu wanaposifiwa, basi huo si mjadala, ni hafla ya pongezi.

Fundi Wino: Mimi ni mchoraji, na ningependa tuangalie michoro yenyewe. Chukueni jalada la toleo la kwanza la Captain America, shujaa wa katuni mwenye ngao, kazi ya Joe Simon na Jack Kirby, ambao wote wawili ni Wayahudi. Ngumi ya shujaa huyo imempata Hitler tayari, naye anaanguka. Askari wake wanafyatua risasi ambazo haziingii kwenye ngao. Na ramani ya Marekani inaonekana palepale chumbani. Toleo lile lina tarehe ya Machi 1941, lakini lilikuwa limeshafika madukani Desemba 1940, mwaka mzima kabla ya Marekani kuingia vitani, wakati ambapo Wamarekani wengi hawakutaka kabisa kusikia habari za vita. Hapo hapahitaji fumbo la Musa. Na mapema zaidi, mwaka 1940, gazeti la SS, kikosi cha chama cha Hitler huko Ujerumani, lilimshambulia Siegel kwa jina lake na kwa Uyahudi wake, baada ya yeye na Shuster kuchora Superman akimkamata Hitler. Maadui walijua wanasoma kazi ya nani.

Kalamu ya Mlimani: Ahsante, Fundi, hilo linaniunga mkono.

Fundi Wino: La hasha, ndugu yangu. Nimesema waliandika kuhusu vita vya zama zao, sikusema waliandika Taurati upya.

Mwana wa Sheria: Naona suala zito ni mkataba, nanyi mnalipita haraka. Siegel na Shuster walifungua kesi mwaka 1947 ili wamrudishe Superman, wakashindwa, na majina yao yakaondolewa kwenye kazi waliyoianzisha. Ilipofika mwaka 1975, Shuster akiwa karibu kupofuka, kelele za wachoraji wenzao ndizo zilizoifanya kampuni ikubali kuwalipa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kuyarudisha majina yao. Bill Finger, aliyemjenga Batman, shujaa mwingine wa katuni, pamoja na Bob Kane, alifariki mwaka 1974, na ilikuwa hadi mwaka 2015 ndipo jina lake likatambuliwa rasmi. Finger na Kane wote ni Wayahudi, na bado mmoja alibaki na sifa peke yake kwa miongo mingi.

Mzee wa Hoja: Mwana wa Sheria, hayo nayakubali yote, kwani hukuyatundika kwenye asili ya mtu. Lakini Binti hajanijibu. Kama Uyahudi wa wachapishaji hauna uzito katika zile dola 130, kwa nini uliutaja?

Binti Pangani: Niliutaja, Mzee, kwa sababu wapo wanaoamini kwamba Wayahudi walishikana mikono wakaitwaa kazi hii kwa mpango mmoja. Vijana wawili wa Cleveland walisimama mahakamani dhidi ya Wayahudi wenzao, wakashindwa, na hakuna udugu wowote uliowafidia. Mwenye kuamini ule mpango na anieleze kesi ya mwaka 1947 ilitoka wapi.