Amsterdam mpaka makumbusho ya Kröller-Müller, kwenda na kurudi siku moja na mama asiyepanda baiskeli

BintiPwani
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri kwa aliyewahi kufika Uholanzi au anayeishi huko. Nitakuwa Amsterdam kwa mafunzo ya kazini na mama yangu anakuja na mimi kutembea, mafunzo yakiisha Ijumaa tunabaki na wikendi nzima pamoja na Jumatatu, ndege ni Jumanne. Plani yangu Jumamosi na Jumapili tuzunguke hapo mjini, mifereji, masoko, mambo ya boti, halafu Jumatatu ndo twende Kröller-Müller maana mama alikuwa mwalimu wa sanaa na tangu niko mdogo anamtaja yule mchoraji Mholanzi, Van Gogh, kama mtu wa ukoo wetu vile. Sasa nimeangalia ramani naona makumbusho yenyewe yako katikati ya hifadhi, msitu kushoto msitu kulia, stesheni ya treni hakuna hata ya kusingiziwa. Tunaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo bila kukodi gari? Mama ana sitini na kitu, kutembea anatembea vizuri tu ila baiskeli hapandi kabisa, na kila nikisoma watu wanasifia baiskeli tu. Halafu anautaka sana ule mchoro wa usiku wenye nyota, upo huko? Bajeti yetu ya kawaida, sio ya mabosi.

mzee_wa_reli
Dada kabla ya yote badilisha siku, Jumatatu pale wanafunga. Wanafungua Jumanne mpaka Jumapili, saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Watu wengi wanaumbuka hapo kwa sababu hifadhi yenyewe inakuwa wazi siku zote, unakata tiketi ya hifadhi vizuri, unaingia, unafika mlango wa makumbusho unakuta kufuli.

Usafiri upo na wala sio mgumu. Treni toka Amsterdam mpaka Ede-Wageningen ni kama saa moja hivi na kidogo, nyingine zinaenda moja kwa moja nyingine unabadilisha Utrecht. Ukishuka Ede-Wageningen unatafuta basi 108 linalopita Otterlo, kile kijiji chenye mlango wa hifadhi ulio karibu zaidi na makumbusho. Pale Otterlo mnabadilisha mnapanda 106, hilo ndo dawa ya mama yako maana linaingia ndani ya hifadhi na kuwashusha kwenye makumbusho, habari ya baiskeli inaishia hapo. Ila 106 halipiti kila dakika, kwa hiyo usiku wa kabla ingia kwenye programu ya 9292 uangalie ratiba ya siku ile, na uangalie ya KURUDI kwanza, ya kwenda ni baadaye. Mkikosa basi la mwisho mtatembea mpaka geti la Otterlo, sio mbali sana lakini miguu ikishachoka na kusimama kwenye picha kutwa nzima mtaiona ndefu.

Kiboko_ya_Baridi
Nakazia hapo kwenye nauli. Mabasi hawapokei keshi. Unagusisha kadi ya benki au simu unapoingia na unagusisha tena unapotoka, kwenye treni vilevile kwenye mageti au vile vinguzo vya stesheni. Sasa kosa la wageni ni wawili kutumia kadi moja, haiwezekani, kila mtu na kadi yake, kwa hiyo mama awe na kadi yake inayogusisha au umnunulie tiketi yake ya treni. Na mkishuka treni Ede gusisheni kutoka kabla hamjafika kwenye basi, ukisahau mashine inajua bado unasafiri inakukata hela ya ziada.

Lingine, tiketi za kuingia ni mbili, ya hifadhi na ya makumbusho. Hata wanaoishi huku wenye Museumkaart, ile kadi ya mwaka ya kuingilia makumbusho, inawalipia makumbusho tu, getini kwenye hifadhi wanatoa hela kama wewe. Ukiona bei ya makumbusho mtandaoni usidhani imeisha hapo.

mchoraji_mtaani
Usiku wenye nyota ule maarufu wenye mawingu yanayojizungusha haupo Uholanzi kabisa, uko makumbusho ya MoMA, New York. Mwambie mama mapema asije akanuna bure 😂 Lakini usimwonee huruma sana maana Kröller-Müller wana ule wa mgahawa wa usiku kule Arles, Ufaransa, wa 1888, kibaraza cha njano kinawaka na juu anga la bluu lina nyota, na kama ni mwalimu wa sanaa atakuwa anaujua. Pia kuna ile barabara ya Provence, hukohuko Ufaransa, usiku yenye mti mrefu mweusi katikati, nyota upande mmoja mwezi upande wa pili, ya 1890 mwaka aliofariki. Na yule mzee aliyekaa kwenye kiti amejishika uso kwa mikono, hiyo nayo ya 1890, mimi ilinishinda kuondoka mbele yake.

Kwa Van Gogh hawa jamaa ni wa pili duniani kwa wingi, wana picha za rangi karibu 90 na michoro ya kalamu na mkaa zaidi ya 180. Vyote hivyo kwa sababu ya mama mmoja, Helene Kröller-Müller, mzaliwa wa Ujerumani aliyeolewa na tajiri wa meli na madini wa Uholanzi. Alianza kukusanya 1907 hivi, wakati Van Gogh bado hajawa jina la kila mtu, akawa ananunua tu, baadaye hali ya kampuni ya mumewe ikayumba, mkusanyiko ukakabidhiwa kwa serikali 1935 kwa masharti kwamba ijengwe nyumba ya kuutunza. Ikafunguliwa 1938, yeye akafariki mwaka uliofuata. Mwambie mama hiyo stori mkiwa kwenye treni, atafika akiwa amepashwa moto.

Halafu msikimbilie Van Gogh mkawaruka wachoraji wengine kama Seurat na Mondrian, wapo humohumo na watu wanapita kama wanapita korido ya hospitali.

Pweza Mkavu
Mimi ntapinga kidogo. Kama shida ni Van Gogh, Van Gogh Museum si iko hapohapo Amsterdam? Ina picha zaidi ya 200, alizeti, chumba cha kulala, ile ya maua ya mlozi, wale wakulima wanakula viazi, vyote mnavipata kwa tramu. Kumbeba mama wa watu treni, basi, basi jingine, halafu kurudi hivyohivyo, yote ya nini? Mvua ikinyesha huko msituni mtafanyaje?

mchoraji_mtaani
Pweza una hoja ila ule wa mjini unajaa watu mpaka unaangalia visogo. Huku unaweza kusimama na picha moja bila mtu kukusukuma kiwiko. Na picha ni nusu tu ya safari, nje kuna bustani ya sanamu ya hekta 25, sanamu zimesambazwa kwenye majani na miti, moja nyeupe ya mchongaji Marta Pan inaelea kwenye bwawa na kuzunguka na upepo. Kuna na lile la msanii Dubuffet, jukwaa kubwa jeupe lenye mistari meusi, unapanda kwa ngazi ndani unatokea juu unatembea juu ya sanamu yenyewe, watoto wanalipenda na watu wazima wanajifanya wanawasindikiza watoto. Hilo lakini wakati wa baridi na hali ya hewa ikiwa mbaya wanalifunga.

mzee_wa_reli
Wala hawana haja ya kuchagua. Dada kwa siku zako fanya hivi: Jumapili Kröller-Müller, Jumatatu Van Gogh Museum ya mjini maana hiyo inafungua Jumatatu, ila tiketi zake ni za mtandaoni tu na zina saa ya kuingia, usiende mlangoni ukitegemea bahati. Jumamosi ndo mzunguke na maboti yenu. Hapo kuna faida moja, wale wala viazi Kröller-Müller wanao mchoro wa awali wa rangi na mjini kuna ule mkubwa wa mwisho, wote wa 1885, sasa mwalimu wa sanaa akiona wa kwanza leo na wa pili kesho mtakosa usingizi kwa mjadala.

Muhimu Jumapili mtoke mapema, saa mbili asubuhi muwe kwenye treni. Mkiondoka saa nne mtafika mchana, mtakimbia, na bustani inafungwa kabla ya jengo. Kwa hiyo anzeni nje kama hakuna mvua halafu mmalizie ndani, ikinyesha asubuhi geuzeni.

BintiPwani
Jamani asanteni sana, hiyo ya Jumatatu ingeniua kabisa. Nimeshamwambia mama kuhusu New York, amesema "nilijua", sijui alijua lini. Basi Jumapili ndo siku yetu. Swali la mwisho, kama mama akiwa amekaa mahali na mimi nikataka kujaribu hizo baiskeli za hifadhini nusu saa tu, zinakodishwa bei gani? Na begi la mgongoni naruhusiwa kuingia nalo kwenye vyumba vya picha?

Kiboko_ya_Baridi
Baiskeli nyeupe hazikodishwi, bure kabisa, ukishaingia hifadhi unachukua yoyote iliyosimama kwenye vituo vyake, pale makumbusho zipo nyingi. Hazina breki za mkono, unasimamisha kwa kukanyaga pedali kinyumenyume, jizoeshe sehemu tambarare kwanza kabla hujaingia kwenye mteremko. Na sio yako, ukiiacha ukaingia mahali ukitoka unaweza ukakuta mwingine kaondoka nayo, usigombane na mtu chukua nyingine. Kama mnaenda Agosti kuelekea Septemba nyika yote inakuwa zambarau kwa maua, hapo nusu saa yako itakuwa saa moja na nusu.

Begi la mgongoni liweke kwenye kabati pale mapokezi, mkononi baki na simu na miwani ya mama. Na bebeni chakula kidogo na maji kwa ajili ya huko nje, mgahawa upo lakini umesema bajeti sio ya mabosi.