Atichoki: majani tele, matumba machache, na yenyewe magumu

mpanda_mboga
Wakuu, naomba msaada. Nina mashina matano ya atichoki, ile mboga inayoliwa tumba la ua lake lenye magamba, yaliyooteshwa kwa mbegu, sasa yamepita mwaka. Majani yamenawiri, lakini mashina mawili hayajatoa tumba hata moja. Kwenye matatu yaliyobaki, matumba hufunguka yakiwa bado madogo kuliko ngumi. Yakichemshwa, magamba ni magumu, katikati pamejaa manyoya, na rangi inageuka kijivu. Kasoro iko shambani au jikoni?

shina_na_mizizi
Kote kuwili, mkuu. Nianze na shamba.

Shina lenye majani tu mara nyingi halijapata baridi. Atichoki huhitaji jumla ya saa 250 hadi 500 hivi za joto lililo chini ya nyuzi 10, kutegemea aina, ndipo ianze kuchanua. Isipozipata, itaendelea kumwaga majani. Aina kama Imperial Star ilichaguliwa kwa ajili ya kupandwa kwa mbegu na kuzaa mwaka huohuo, kwa hiyo haidai baridi nyingi.

Halafu miche ya mbegu haifanani. Pakiti moja inaweza kukupa shina lenye matumba manono na jingine lenye miiba mitupu. Dawa yake ni machipukizi: chagua shina linalozaa vizuri, subiri machipukizi yafike sentimita 20 hadi 25, fukua udongo pembeni, kisha yakate kwa kisu kikali yakiwa na mizizi yake. Punguza majani nusu ili yasinyauke, na uyapande mita moja kutoka shina hadi shina. Ukibana nafasi, matumba yatadumaa.

Matumba kufunguka mapema ni kazi ya joto na kiu. Tangu shina la ua linapoanza kupanda, udongo usikauke. Mwagilia kwa kina, maji yafike sentimita 30 chini, badala ya kunyunyiza kidogokidogo kila siku. Tandaza mboji unene wa sentimita 5 hadi 8, ila iache mbali kidogo na shingo ya mmea, yaani pale shina linapotokea udongoni. Shingo ikikaa kwenye unyevu huoza, na udongo unaotuamisha maji huua atichoki haraka kuliko mdudu yeyote.

kisu_kikali
Naongezea kuhusu kuvuna. Usipime kwa ukubwa, pima kwa kubana. Tumba lililo tayari limefumba, ni zito mkononi, na ukilifinya magamba yake hulia kwa kusuguana. Likianza kufunguka, nyuzi za magamba zimeshakomaa na manyoya yamerefuka. Hakuna upishi utakaoliokoa. Kwa hiyo, kama yanafunguka yakiwa madogo, yakate yakiwa madogo.

Tumba la kileleni hutangulia. Likikatwa, ya pembeni hupata nafasi ya kukua, ingawa hayatalifikia kwa ukubwa. Acha kikonyo cha sentimita 8 au zaidi, maana nacho ni chakula: kimenye hadi kwenye kiini cheupe. Yale ya pembeni yenye ukubwa wa yai bado hayana manyoya ya kusumbua. Ondoa magamba ya nje tu, mengine yote yanalika.

mpishi_wa_mvuke
Ukijivu unatokana na sufuria ya alumini au ya chuma kitupu. Tumia ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli. Hata kisu cha chuma cha kawaida huacha weusi.

Kwanza loweka matumba kwenye maji ya chumvi dakika 15 ili vidukari watoke kati ya magamba. Kata theluthi ya juu, punguza ncha kwa mkasi, na kila sehemu iliyokatwa ipake limau papo hapo, kwani hewa huifanya iwe kahawia kama tufaha lililomenywa. Mimi napendelea mvuke kuliko kuchemsha, kwa sababu maji mengi hunyonya ladha. Tumba kubwa huiva kwa dakika 30 hadi 45. Vuta gamba moja la katikati: likitoka bila kung'ang'ana, epua, kisha lipindue maji yachuruzike.

Manyoya kwangua kwa kijiko baada ya kuiva. Usiyale kabisa. Kinachobaki chini yake, kile kitako chenye nyama, ndicho utamu wenyewe.

mpanda_mboga
Asanteni sana. Shina likishamaliza kuzaa nilifanyeje?

shina_na_mizizi
Likate karibu na usawa wa udongo, weka samadi iliyooza vizuri, na punguza machipukizi yabaki mawili au matatu yenye nguvu. Baada ya miaka mitatu au minne, ling'oe na uanze upya kwa machipukizi yake, maana mavuno huwa yameshapungua.