Yusuf wa "Peponi": alikombolewa au alijiuza?

Mkazi wa Dunda, Bagamoyo

Assalaam aleikum, wasomaji wenzangu. Masika haya nimesoma riwaya mbili. Ya kwanza ni "Kusadikika" ya Shaaban Robert, ambayo niliirudia baada ya miaka mingi nikaifurahia kuliko nilivyoifurahia shuleni. Ya pili ni "Peponi" ya Abdulrazak Gurnah, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022, na hiyo ndiyo iliyonikwama kooni.

Mwanzo wake sina neno nao. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anapandishwa garimoshi na tajiri Aziz akidhani anakwenda matembezi kwa jamaa, kumbe baba yake amemweka rehani kwa deni. Safari ya bara niliisoma nikiwa nimekaa barazani, mji huuhuu ambao wapagazi walikuwa wakitua pembe za ndovu, na nilipofika kwa mnyapara na wapiga ngoma wanaotangulia msafara nilisahau chai yangu ikapoa. Ila mwisho umenichukiza. Askari wa Wajerumani wanakuja kukamata watu, Yusuf anajificha, kisha kwa hiari yake anawakimbilia walewale waliomtia hofu. Naona kama mwandishi alichoka akamtupa kijana wa watu njiani. Je, nimesoma vibaya?

Binti wa Ngamiani, Tanga

Waaleikum salaam, kaka. Nadhani ulisahau Sura Yusuf, ambayo sisi tuliopita madrasa tunaijua tangu utotoni. Kijana mzuri wa sura anaingia mikononi mwa mfanyabiashara, mke wa mwenye nyumba anamtamani, na anapomkimbia shati linachanika kwa nyuma. Gurnah ameyachukua hayo yote, hata jina la Zulekha, ambalo masimulizi humpa mke huyo, hakulibadilisha. Tofauti ni kwamba Nabii Yusuf anatoka gerezani na kukabidhiwa hazina za Misri, ilhali huyu wa pwani hana mfalme wa kumwita, wala ndoto zake hazina wa kuzitabiri. Mlango pekee ulio wazi mbele yake ni wa jeshi la wageni. Kwangu mimi hapo ndipo riwaya inapouma, na sioni kwamba imeharibika.

Mwalimu mstaafu, Chumbageni

Wanangu, nakubaliana na binti yangu kwa sehemu tu, maana hoja ya Sura inaeleza alikosa nini, haielezi kwa nini alikimbia. Turudini bustanini kwa Aziz, kwenye mikomamanga na vile vioo vilivyotundikwa mitini ili mkewe aweze kutazama bila kuonekana. Mtunza bustani, Mzee Hamdani, aliwahi kupewa uhuru wake akaukataa, akiuliza ni nani aliyewaambia kwamba uhuru huo ni wao wa kutoa. Yusuf hana utulivu wa mzee yule. Baada ya askari kuondoka anawaona mbwa wakila kinyesi walichokiacha, na anajitambua katika mbwa hao. Kisha nyuma yake anasikia mlio kama wa milango inayotiwa komeo. Anakimbia macho yakimwasha. Mtu anayeshangilia ukombozi wake hakimbii hivyo, wala anayejiuza kwa faida.

Nawe, mwanangu wa Bagamoyo, nadhani mpangilio wa usomaji wako umekuponza. Katika "Kusadikika" Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno, anajitetea siku sita kwa maneno peke yake, na mwisho anaachiwa huru pamoja na wajumbe sita waliokuwa wamefungwa. Sisi watu wa Tanga tunampenda Shaaban Robert kwa sababu hiyo: kwake haki hupata hukumu. Ulitoka katika baraza lile ukaingia kwa Gurnah ukingoja hakimu, na huku hakimu hayupo.

Mkazi wa Dunda, Bagamoyo

Shikamoo, Mwalimu. Usiku nimeusoma upya ukurasa wa mwisho, na kweli mlio wa komeo ulikuwa umenipita kabisa. Neno la mwandishi kuchoka nalifuta. Hata hivyo kinyongo kimoja kimebaki, nacho kinamhusu Amina, dada wa kulelewa pamoja wa Khalil, yule kijana wa dukani kwa Aziz; ndiye Yusuf aliyetaka kutoroka naye. Yusuf amepata angalau barabara ya kukimbilia. Amina yumo ndani ya ukuta uleule, na milango imeshafungwa.