Kuacha sigara baada ya miaka 25: bablishi za nikotini zinatumikaje?

Swali: Wakuu, mzee anavuta pakiti moja kwa siku, miaka 25 sasa, na sigara ya kwanza anaiwasha kabla hajatoka kitandani. Atumie bablishi za nguvu gani? Za mg 2 zinamkwaruza koo na kumpa kwikwi, hamu iko palepale.

Jibu: Anayevuta ndani ya nusu saa baada ya kuamka anahitaji za mg 4. Kwikwi inaletwa na kutafuna mfululizo: nikotini inamezwa pamoja na mate badala ya kupenya kwenye ufizi. Atafune taratibu mpaka ahisi ukali kama wa pilipili manga, kisha aibane kati ya shavu na ufizi. Ukali ukiisha, atafune tena. Bablishi moja aitumie kwa nusu saa. Zisizidi 24 kwa siku.

Jibu: Kahawa na soda zina asidi, zinazuia nikotini kupenya. Aziache dakika 15 kabla ya kutafuna bablishi.

Jibu: Tena kahawa aipunguze nusu. Moshi hulifanya ini livunje kafeini haraka. Akiacha sigara, vikombe vilevile vitamtetemesha mikono na kumnyima usingizi, adhani ni arosto ya sigara. Siku 3 za mwanzo ni ngumu mno, tafadhali msimwache peke yake.