Mrejesho: habari za wiki za shuleni na wale watoto wasiotajwa

Wakuu, niliomba ushauri kuhusu habari za wiki tunazowatumia wazazi wa shule yetu ya msingi: kila Ijumaa zinawasifu watoto walewale walioshika namba. Asanteni kwa michango.

Tulifuata ule ushauri wa kila mwalimu wa darasa kuleta jambo moja aliloliona kwa macho yake, siyo alama. Mwalimu wa darasa la pili akaleta hili: mtoto aliyekuwa akikwama kwenye "ng'" na "nyw" amesoma aya nzima mbele ya wenzake, bila kufuatisha kwa kidole. Kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), kwangu mimi hiyo ni habari kubwa kuliko mia kwa mia ya darasa la saba. Bibi yake alikuja kuomba nakala.

UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, tumeipa mistari miwili tu, maana matokeo ya mpira wazazi huyapata kwa watoto kabla hatujashika kalamu. Picha haziwekwi mpaka mzazi aridhie.

Shida iliyobaki ni wasio na simujanja. Hao husoma ubaoni pale getini, na mbuzi wa jirani wameipenda mno ile karatasi. Mwalimu mkuu ameahidi kuweka kioo.